Kichujio Changu ni Mawe, Mchanga na Mwani: Tangi la Matumbawe Jijini Kampala

Kichujio cha tangi langu la maji ya bahari ni mawe. Mawe, mchanga uliolala chini yake, fungu la mwani, na viumbe wadogo ambao wengi wao huwezi kuwaona bila lenzi. Hakuna kopo la plastiki lenye sponji linalonguruma chini ya meza, wala mifuko ya mkaa. Kuna pampu mbili za kuyasukuma maji, hita, taa, na samaki watatu katika lita 200. Wageni wanaokaa sebuleni kwetu hapa Kisaasi huuliza mambo mawili: chujio liko wapi, na mbona samaki ni wachache hivyo. Maswali hayo yana jibu moja. Samaki ni wachache ndiyo maana mawe yanatosha.

Mkazi wa Kampala hana haja ya kwenda mbali kuliona jambo hili likifanya kazi. Mfereji wa Nakivubo hubeba maji machafu ya jiji na kuyapeleka Ghuba ya Murchison, Ziwa Viktoria. Kati ya mfereji na ziwa kuna kinamasi cha mafunjo. Kwa miaka mingi kinamasi hicho kimepokea uchafu wenye naitrojeni na fosforasi, mizizi ya mafunjo pamoja na bakteria wa kwenye tope wakaushughulikia, na maji yakafika ziwani yakiwa na nafuu. Baadaye watu walifyeka mafunjo wakapanda magimbi, wengine wakajenga, jiji nalo likafurika, na kinamasi kikabebeshwa mzigo unaozidi uwezo wake. Ggaba, ambako mitambo huvuta maji ya kunywa ya jiji, iko kwenye ghuba hiyohiyo, na kadiri ghuba ilivyochafuka ndivyo gharama za kuyasafisha maji zilivyopanda. Kemia ya Nakivubo ndiyo kemia ya tangi langu. Tofauti ni kwamba sebuleni mwenye kuamua ukubwa wa mzigo ni mimi.

Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yake. Chakula kilichobaki kikioza nacho hutoa amonia. Maji ya bahari yana pH, yaani kipimo cha uasidi, ya karibu 8.1 hadi 8.2, na kadiri pH inavyokuwa juu ndivyo sehemu kubwa zaidi ya amonia inavyokuwa katika hali yake ya sumu, kwa hiyo huku hakuna uvumilivu kama wa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Bakteria wanaohitaji oksijeni huigeuza amonia kuwa nitriti, na wenzao, hasa wa jamii ya Nitrospira, huigeuza nitriti kuwa nitrati. Kazi hiyo hufanywa na sponji yoyote ya dukani, na sponji huishia hapo. Nitrati hubaki majini, ikaongezeka wiki hadi wiki, na mwani mchafu ukapata mbolea.

Jiwe lenye matundu huendelea pale sponji inapoishia. Ngozi yake ya nje ina oksijeni tele, na huko nitrati hutengenezwa. Ndani zaidi, maji hupenya polepole mno na oksijeni huliwa yote njiani. Bakteria wa huko ndani, wakikosa oksijeni ya kupumulia, huinyofoa kutoka kwenye nitrati yenyewe, na kinachobaki ni gesi ya naitrojeni, ileile iliyojaa hewani. Gesi hiyo hupanda juu ikatoka. Jiwe moja, viwanda viwili, vikitenganishwa na unene wa kidole au chini ya hapo.

Aliyeyaandika haya mapema alikuwa mfugaji wa Jakarta, Lee Chin Eng. Mwaka 1961, katika jarida moja la Marekani la wafuga samaki, alieleza matangi yake: mawe yaliyotolewa baharini na viumbe wake, matumbawe hai, maji ya bahari, jua, na mapovu ya hewa tu. Wakati huo wengine wengi walikuwa wakifuga samaki wa baharini kwenye matangi matupu yenye mifupa ya matumbawe iliyopaushwa. Baadaye Wajerumani wa Berlin walichanganya mawe hai na mtambo unaokamata uchafu kwa povu. Jean Jaubert, aliyefanya kazi Monaco, aliinua tabaka nene la mchanga juu ya nafasi ya maji yaliyotulia. Walter Adey wa Smithsonian, taasisi ya makumbusho na utafiti ya Washington, alitegemea zulia la mwani lililopigwa na mawimbi. Nawaheshimu wote, ila kwa tangi dogo lenye samaki wachache huwa namrudia yule wa Jakarta. Mtambo wa povu ni mzuri sana, lakini ni dawa ya tangi lililojaa. Kuununua ili uweze kuongeza samaki ni kuanza kwa kujitafutia ugonjwa.

Sasa, mawe yatatoka wapi katika nchi isiyo na pwani? Matumbawe magumu yote yamo katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, na mawe hai yanayotolewa kwenye miamba nayo hubanwa na masharti hayo. Kuyavusha Malaba au Busia ndani ya jaba bila vibali ni kosa, na hata pasingekuwa na sheria, mimi niliyezaliwa Mombasa siwezi kuona raha sebuleni kwa jiwe lililobanduliwa kwenye mwamba wa kwetu. Bahati nzuri hatulihitaji. Pwani ina machimbo ya mawe ya matumbawe ya kale, yaliyokufa zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, mbali na maji, yale yanayokatwa kuwa matofali ya kujengea. Ndiyo mawe ya nyumba za Mji wa Kale, na ndiyo yaliyojenga Ngome ya Yesu kuanzia 1593. Vipande vilivyovunjika vyenye matundu mengi ndivyo vizuri. Vipigwe brashi, viloweshwe majuma kadhaa kwenye pipa la maji baridi yanayobadilishwa, kisha maji ya mwisho yapimwe fosfati. Ikisoma juu, endelea kulowesha.

Usiokote mawe Tororo. Nalisema kwa sababu wazo hilo humjia kila anayesikia kwamba saruji inatengenezwa kule, kwa hiyo chokaa ipo. Mawe ya chokaa ya Tororo yana asili ya volkano, ni mazito, yameshikana bila matundu ya kukaa bakteria, na vilima vya Sukulu vilivyo jirani vinajulikana kwa fosfati inayotengenezewa mbolea. Utakuwa umeweka gunia la mbolea katikati ya tangi.

Mchanga nao una mambo. Mimi natumia mchanga wa aragonaiti, aina ya chokaa, chembe ndogo kuliko punje ya mtama, kina cha sentimita 10 hadi 12. Ukipiga magoti mbele ya kioo na kutazama pale mchanga unapokigusa, unaona yote. Juu kuna ukanda wa rangi ya maziwa, mchanga mwepesi unaopinduliwa kila saa. Chini yake kuna njia za minyoo, nyembamba kama sindano, zinazopinda na kukutana, na mara nyingine mnyoo mwenyewe hupita akiwa mwekundu kwa damu yake. Sentimita chache chini zaidi, mapovu madogo ya gesi yamenasa kwenye kioo, yanakua siku mbili tatu, kisha moja linaachia na kupanda likitikisa chembe za mchanga. Huko ndiko nitrati inakoishia. Kabisa chini rangi inaelekea kijivu. Ikigeuka nyeusi na ukisikia harufu ya yai viza, sehemu hiyo imekuwa na mzoga au uchafu mwingi, na salfaidi ya hidrojeni imeanza kutengenezwa. Usiichimbue ghafla samaki wakiwa ndani.

Mchanga huu hauwezi kuwa hai bila wachimbaji. Konokono aina ya Nassarius hukaa amejizika mchana kutwa, mrija wake wa kunusia tu ndio umechomoza mithili ya uzi. Dondosha kipande cha kamba wa baharini chenye ukubwa wa kichwa cha kiberiti, na kabla hakijatulia mchanga unapasuka sehemu nne au tano, konokono wanatoka na kukimbia. Usiku, kwa tochi nyekundu, mawe hubadilika kabisa: minyoo yenye manyoya pembeni inanyoosha shingo kutoka kwenye matundu, vijikamba vidogo kuliko mchele vinarukaruka kwenye mwani, sponji hai, si zile za dukani, za manjano na nyeupe zimejibana uvunguni ambako mwanga haufiki, zikichuja maji tone kwa tone. Watu huona mnyoo wakadhani ni balaa, wakauliza dawa ya kuua. Mnyoo yule ndiye anayekula chakula kilichoanguka nyuma ya jiwe, mahali ambapo mkono wako hautafika kamwe. Mwache. Jongoo bahari ninamwogopa kwenye tangi dogo, maana baadhi yao wakifa au wakisumbuliwa hutoa sumu inayoweza kuua samaki wote.

Kuhusu mwani nitakuwa mfupi. Kwenye kisanduku cha pembeni naotesha Chaetomorpha, mwani wa kijani wenye nyuzi ngumu zilizosokotana, na taa yake huwaka usiku wakati ile kubwa imezimwa, ili pH isishuke sana. Kila ngumi ya mwani unayoitoa imetoka na naitrojeni na fosfati yake, na fosfati haina njia ya gesi, kwa hiyo kuvuna ni lazima. Mwani mwingine, Caulerpa, unapendeza zaidi kwa macho, lakini unaweza kuamua kuzaa kwa wakati mmoja, ukayeyuka na kurudisha majini kila ulichokuwa umekusanya.

Hesabu inayoamua kila kitu ni ya chakula. Shemeji yangu anafuga ngege kwenye vizimba ziwani upande wa Jinja, na alipoliona tangi mara ya kwanza alisema bila kuzunguka, "Shemeji, hapa wangekaa hata samaki ishirini." Nikamwomba kalamu, maana yeye anajua chakula cha samaki kuliko mimi. Tuchukue chakula kikavu chenye asilimia 45 ya protini. Karibu asilimia 16 ya protini ni naitrojeni. Kwa hiyo gramu moja ya chakula ina miligramu 72 za naitrojeni, na zote zikiishia kuwa nitrati zinakuwa miligramu 320 hivi. Zigawanye kwa lita 200 za maji: miligramu 1.6 kwa lita, kila siku. Kwa wiki ni 11. Kwa mwezi umekaribia 50, na mimi ninataka tangi langu libaki chini ya 10.

Sasa samaki watatu wadogo wanakula kama gramu 0.2 kwa siku. Hiyo ni miligramu 0.32 kwa lita kwa siku, karibu 2.2 kwa wiki. Mzigo huo mawe na mchanga vinaumudu, mwani unachukua sehemu yake, na ninapobadilisha lita 20 za maji kila baada ya wiki mbili namalizia masalia. Haba na haba hujaza kibaba, na nitrati ndivyo inavyokuja. Swali ni kama kibaba kinavuja kwa kasi ileile kinayojazwa. Shemeji alitazama namba akacheka, "Kumbe wewe unapima kwa ncha ya kijiko, sisi tunapima kwa gunia." Tangu siku hiyo hajanishauri tena kuongeza, ila watoto wake bado wanamtaka yule samaki aitwaye kangaja wa bluu. Kangaja huyo hukua hadi karibu sentimita 30 na ni mwogeleaji wa mbali. Hapa kwangu hana nafasi.

Walioko ni klaunfishi wawili, wale wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, na gobi mmoja anayeishi shimo moja na kamba. Kamba haoni vizuri, kwa hiyo huchimba huku upapasio mmoja umemgusa gobi mgongoni, na gobi akitikisa mkia wote wawili wanatoweka. Tangi lenye samaki ishirini lisingenionyesha jambo hili, kwa sababu gobi asingethubutu kutoka.

Kuna sababu nyingine ya uchache inayotuhusu sisi wa huku juu, na sijaona wafugaji wa pwani wakiifikiria kwa kuwa haiwagusi. Kampala iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Kanieneo ya hewa hapa ni kama asilimia 87 ya ile ya Mombasa, na oksijeni inayoweza kuyeyuka majini hupungua kwa kiwango hichohicho. Maji ya bahari ya nyuzijoto 26 yanayobeba miligramu 6.6 za oksijeni kwa lita kule chini, hapa hubeba karibu 5.7. Samaki, bakteria, minyoo na matumbawe wote wanachota kwenye chungu hicho kimoja kilichopunguzwa. Ndiyo maana pampu yangu moja inaelekezwa juu, uso wa maji utibuke wakati wote, na sifuniki tangi kwa kioo.

Umeme ukikatika, faida ya mawe huonekana. Chujio la kopo likisimama kwa saa kadhaa, bakteria waliomo humaliza oksijeni ya maji yaliyofungiwa, wengine hufa, na umeme ukirudi uchafu huo wote husukumwa ndani ya tangi kwa mkupuo. Mawe yamo ndani ya tangi lenyewe, hayajafungiwa popote. Ninachohitaji ni pampu ndogo ya hewa inayotumia betri, na kwa samaki watatu inatosha kabisa. Mwenye inveta au sola aunganishe pampu ya maji kwanza, taa baadaye.

Maji ya kuanzia yanahitaji uangalifu kuliko vifaa. Ya bomba yana klorini na pengine fosfati, kwa hiyo yapite kwenye mtambo wa osmosi, unaoyachuja kwa utando, na kwenye resini, punje zinazonasa vilivyoyeyuka majini. Mvua tunayo nyingi, Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba, na mtu hushawishika kuikinga. Lakini mabati yetu yamepakwa zinki, na zinki ni sumu kwa konokono, kamba na matumbawe, hata ikiwa kidogo sana. Mvua ya bati nayo ipite kwenye resini. Chumvi iwe ile iliyotengenezwa kwa akwariamu, kama gramu 36 hadi 38 kwa lita, mpaka rifraktomita, kile kifaa cha kupimia chumvi, isome 35 kwa elfu. Chumvi ya Katwe, ninamaanisha ziwa la Katwe kule Kasese, nimeulizwa mara nyingi kama inafaa. Ni chumvi ya ziwa la volkano, ina kabonati na salfeti nyingi, mchanganyiko wake haufanani na wa bahari. Ibaki kwa kazi zake.

Matumbawe ninayofuga mengi ni yale laini, niliyopewa vipande na wafugaji wenzangu, kwa sababu hayali chokaa nyingi na hukua vizuri kwenye maji yasiyo safi kupita kiasi. Nitrati ikishuka hadi sifuri kabisa hayapendi, husinyaa na kupauka, kwa hiyo ninaporidhika ni pale kipimo kinaposoma kati ya 2 na 5. Baadhi ya zoanthidi, viumbe wa jamii ya karibu na matumbawe, hasa Palythoa, zina sumu kali mno iitwayo palitoksini. Vaa glavu na miwani unapozikata, na jiwe lenye zoanthidi lisichemshwe wala kumwagiwa maji ya moto, maana mvuke wake umewahi kulaza watu hospitalini. Kwa matumbawe magumu machache niliyonayo ninajaza maji yanayopotea kwa mvuke kwa maji ya chokaa safi, tone kwa tone usiku, ili kalsiamu ibaki karibu na miligramu 420 kwa lita. Chokaa ya fundi wa kupaka kuta haifai, ina vitu vingine ndani.

Anayeanza na mawe makavu ajue kwamba bakteria wa juu ya jiwe huja kwa majuma, wa ndani kwa miezi. Tia amonia kidogo, ifike miligramu 2 kwa lita, pima, subiri mpaka yenyewe na nitriti visome sifuri ndani ya siku moja. Kisha konokono. Kisha samaki mmoja. Mwingine asubiri mpaka uone nitrati imepanda na kuanza kushuka pasipo wewe kubadilisha maji, kwa sababu hapo ndipo utajua kwamba ndani ya mawe kumeanza kazi. Fedha ya kwanza iende kwenye vipimo vya amonia, nitriti, nitrati na fosfati kabla ya kwenda kwenye taa.

Kitu kisichouzwa dukani hapa Uganda ni wale minyoo na vijikamba, na bila wao mchanga ni mchanga tu. Ninao wa kutosha kugawa. Aliye Entebbe, Jinja au Mbale na tangi lililokwisha kutulia aniandikie, aje na chupa ya mdomo mpana, nimpe konzi ya mchanga wa juu na fungu la mwani lililojaa wadudu. Aje asubuhi, wafike kwake kabla maji hayajapata joto.